Kuhusu lile faili la mama

Shosti mambo,

Voisi zako nimezisikiliza zote, nimeona bora nikuandikie maana kwenye simu utanikatiza kama kawaida yako. Kwanza mama anaendeleaje? Mwambie mwangaluka kutoka Kirumba.

Sasa hilo la faili la hospitali ya huku Mwanza kuonyesha mama ana sukari wakati hapo Sengerema kapimwa akaonekana yuko sawa, msilichukulie poa. Huku majina yanafanana balaa, nesi akiita jina moja wanasimama wamama watatu, na karatasi ya maabara ikishaingia faili lisilo lake basi kila daktari anayekuja anaanzia hapohapo, anaandika dozi. Na dawa ya kushusha sukari kwa mtu asiye na sukari sio mchezo, anaweza kudondoka njiani.

Yule dada wa mapokezi aliyekwambia faili ni mali ya hospitali hajadanganya sana, makaratasi wanatunza wao. Ila habari zilizomo ni za mama. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na mambo ya afya yamo kwenye taarifa nyeti kabisa, mwenyewe ana haki ya kuziona na kudai zirekebishwe kama zina makosa. Wakigoma kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, unapeleka malalamiko huko. Lakini usiende kuwatishia Tume siku ya kwanza, nakujua, utajitengenezea maadui mapokezi na mama bado anatibiwa palepale.

Barua aandike mama, asaini yeye. Wewe mtoto sawa, ila mgonjwa ni yeye na akili zake ziko timamu, kama kuvuka daraja kila mara kunamchosha akuandikie ruhusa umfuatilie. Ipelekwe kwa mganga mfawidhi, yule daktari msimamizi wa hospitali, usiiache masjala ikalale. Aombe nakala ya kurasa za tarehe ile, aseme wazi kipi sio chake, aambatanishe vipimo vya Sengerema. Na ile nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa, hapo usikubali "tutakupigia".

Halafu mama asitegemee wataichana ile karatasi mbele yake. Rekodi ya mgonjwa haifutwi hivo, ya karatasi wanapiga mstari mmoja ili ya mwanzo bado isomeke, wanaandika iliyo sahihi pembeni na tarehe na saini. Mimi naona ni sawa tu, kesho mtu akiuliza hii dawa alipewa kwanini jibu lipo. Kikubwa hakikisha na kwenye kompyuta wamerekebisha, maana siku hizi daktari anaangalia skrini, faili halifungui hata, utarekebisha karatasi na sukari itabaki inamsubiri mle ndani. Na bima uliza pia, kama walishadai malipo kwa ugonjwa huo.

Hiyo sentensi ya daktari mle kwenye faili iliyokukera, kwamba mama "hazingatii dawa", ndo ngumu kidogo. Majibu ya mtu mwingine ni kosa la wazi, hayo mengine ni maoni ya daktari na daktari habadilishi maoni kwasababu mgonjwa kanuna. Marekani hospitali ikikataa kurekebisha, mgonjwa anaruhusiwa kuandika maelezo yake kwamba hakubaliani na yanaunganishwa na rekodi, anayesoma anasoma pande zote mbili. Nimeipenda hiyo. Sioni kinachomzuia mama kuomba hivohivo kwenye barua yake, aseme alikataa vidonge kwasababu vilikuwa vya mtu mwingine! Yaani bi mkubwa alikuwa sahihi kuliko wote wenye makoti meupe.

Nipigie picha ile karatasi ya maabara nione jina la kati na umri wameandikaje, nitakuandikia rasimu ya barua leo usiku. Ila nitumie inbox, sio kule kwenye grupu la ukoo, mjomba wako ameshaanza kumtafutia mama mizizi ya sukari.