Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Walezi wa Wazee Wenye Ulemavu, Moshi

Ndugu wanachama,

Kama mnavyofahamu, vikao vya kila mwezi vilifanyika katika ukumbi wa kata. Oktoba 1 tulishiriki Siku ya Wazee Duniani, muuguzi alitukumbusha kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na wenzetu watatu waliofiwa walipelekewa rambirambi. Ada, harambee na michango viliingiza shilingi 2,340,000, tukatumia 2,115,000, zimebaki 225,000. Stakabadhi anazo mhazini.

Nije kwenye jambo lililozua maneno hadi misibani. Mwezi Machi kamati ilitenga shilingi 900,000 kuwalipa watu wa kushika zamu, ili mlezi mwenye mgonjwa wa kitandani apate siku moja ya kupumzika kila mwezi. Wapo waliosema fedha hizo zingenunua vitimwendo. Wapo waliosema mwenyekiti anawalipia watu kwenda saluni. Naomba mnisikilize.

Kwa mila za Kichagga kitindamimba wa kiume ndiye anayebaki kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na wazazi, lakini sote tunajua kazi yenyewe inamwangukia nani: mkewe, au binti aliyerudi nyumbani. Watoto wengine wapo Dar, wanatuma chochote kwenye simu, wanafika Desemba na kuuliza kwa nini Baba amekonda. Mlezi huyo analia bafuni. Anamjibu mgonjwa kwa ukali, kisha usiku halali kwa majuto. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee, na mzee asiyejiweza wa miaka 60 na kuendelea amewekewa utaratibu wa matibabu bila malipo. Anayembeba mzee huyo mgongoni hadi barabarani hajawekewa chochote. Kama chama hiki hakimwoni, nani atamwona?

Nilifika mwenyewe kwa mwanachama wetu mmoja kule Pasua. Mama mkwe wake alipata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. Uji analishwa kwa kijiko cha chai, kidevu kimeinamishwa asipaliwe, na kibakuli kimoja kinakaribia kumaliza saa nzima. Siku aliyoshikiwa zamu, mwanachama huyo alikwenda kwa dada yake Kiboroloni, akalala tu mpaka saa kumi jioni. Aliniambia, "Mwenyekiti, njiani narudi nikaona nimemkumbuka bibi. Muda mrefu nilikuwa simkumbuki, namhudumia tu." Akaongeza kwamba bibi akimshika kwa ule mkono mzima na kumwita mwanangu, hawezi kubadilishana na kazi ya mshahara. Furaha ya kulea ipo, ndugu zangu, ila aliyechoka haioni. Kitimwendo hakiwezi kumrudishia.

Wazo hilo nililitoa mimi na nikalisimamia mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Kamati ililipitisha kwa kura na muhtasari upo. Wanaolipinga hawakuwepo kikaoni.

Na hapo ndipo panaponiuma. Tuko wanachama 64, kikao cha Machi walifika 17. Najua kumwacha mgonjwa si kazi ndogo, lakini anayefika kila mara ni yule asiye na msaidizi, na mwenye dada wa kazi na kijana wa shamba ndiye anayetuma udhuru. Wanachama 38 wana malimbikizo ya ada, na 12 kati yao wameshikiwa zamu mwaka huu. Shilingi 3,000 kwa mwezi haifiki bei ya pakiti moja ya nepi za watu wazima. Sitawataja leo. Mhazini ana orodha, wamwone kabla hawajaondoka.

Mwaka ujao tunatarajia kuonana na halmashauri, na Mungu akijalia vitimwendo navyo vitapatikana. Zamu zitaendelea kadiri mfuko utakavyoruhusu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti