Fomu ya mwenza

Sakina, Arusha
Jumatano usiku

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya Juni. Sisi hatujambo, isipokuwa Eliya ana mafua, na Meru hatujauona siku ya nne leo kwa mawingu. Mama anakusalimu sana, anauliza kama goti limepona na kama Dodoma mnapata maji. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Mzee Lyimo, na simu zako mbili niliziona. Unisamehe. Nilikuwa na jambo nisilotaka kulisema kwenye simu.

Unakumbuka nilikwambia shirika letu linasubiri mhasibu mkuu kutoka Kanada? Faili lake lilinifikia Jumatatu ya wiki iliyopita. Vyeti vipo, barua ya daktari ipo, nakala za pasipoti zipo. Nikafika kwenye fomu ya wategemezi. Palipoandikwa "mwenza" bwana huyo ameandika jina la mwanamume mwenzake, na ameambatisha cheti cha ndoa kilichotolewa Toronto, mwaka 2006. Mwenzangu, 2006 mimi na wewe tulikuwa tunapanga foleni ya maji na ndoo zetu pale Mzumbe. Hawa walikuwa wameshaoana.

Makao makuu wao wamemaliza. Kwao ile ni ndoa kama nyingine zote: bima ya watu wawili, tiketi mbili, posho ya mwenza, na jina la mume kwenye mafao ikitokea mauti. Kwa hilo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kile kikaratasi walichobandika juu ya faili: "Tafadhali kamilisha taratibu za nchi." Mstari huo mmoja tu.

Taratibu za nchi unazijua wewe kuliko mimi. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Na Kanuni ya Adhabu haiulizi hata cheti. Kwa wanaume wanaolala pamoja inaanzia miaka 30 inakwenda hadi kifungo cha maisha. Sasa watu wawili wanakatiwa tiketi, wanatumiwa barua ya "karibu wewe na familia yako", na hakuna mtu aliyewaambia kwamba wakishuka uwanja wa ndege wa KIA wameingia kwenye sheria hiyo. Nimeisoma barua ile ya ukaribisho mara tatu. Imeeleza chanjo ya homa ya manjano. Imeeleza koti la baridi. Hilo haikulieleza.

Nikampelekea bosi. Akakaa kimya kidogo, akaniambia, "Mama Eliya, andika ni mdogo wake. Hati ya ukaazi itoke, mambo yaishe." Nimeshindwa. Fomu iko kwenye droo yangu tangu Alhamisi, na kila nikifungua kuchukua stepla naiona.

Usiku nimekuwa nikisoma kwenye simu, Baba Eliya analalamikia mwanga. Nilitaka kujua wenzangu wa meza kama yangu walifanyaje. Kuna mama wa jimbo la New York, Patricia Martinez, alikuwa mfanyakazi wa chuo kimoja. 2004 alivuka mpaka akafunga ndoa na mwenzake Kanada, akarudi akaomba mwenzake aingizwe kwenye bima ya afya. Chuo kikakataa. Wakati huo New York yenyewe ilikuwa haifungishi ndoa za namna hiyo, ila kwa sheria yao ya zamani ndoa iliyofungwa halali kwingine inapokelewa. Februari 2008 mahakama ya rufaa ikasema hata hii inapokelewa. Mwezi Mei mwaka huohuo ofisi ya gavana David Paterson ikaagiza idara zote za jimbo zifanye hivyohivyo. Nimelifikiria sana hilo, kwamba kesi yote ile ilianzia kwenye fomu ya bima.

Umoja wa Mataifa nao, hawa majirani zetu wa Lakilaki, zamani walikuwa wakiangalia sheria ya nchi anakotoka mfanyakazi. Maana yake wawili wangeweza kufunga ndoa siku moja, ukumbi mmoja, mmoja akatambuliwa na mwingine akaandikwa hajaoa, tofauti ikiwa pasipoti tu. Juni 2014 Ban Ki-moon akabadilisha: ndoa inaangaliwa kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Machi 2015 Urusi wakataka ifutwe. Nchi 43 zikawaunga mkono, 80 zikawakatalia. Shirika letu linafuata mtindo huohuo. Lakini hiyo ni kanuni ya mwajiri, na inaishia getini. Ukishatoka getini uko Arusha.

Nilidhani ni mambo ya mbali mpaka nikafika Namibia. Mei 2023 Mahakama ya Juu kule iliiambia serikali iwatambue kama wenza, kwa mambo ya uhamiaji, watu waliofunga ndoa na Wanamibia wa jinsia moja nao huko nje. Mmoja wao ni wa Afrika Kusini, alikuwa amekaa Namibia na mwenzake na mtoto waliyekuwa wakimlea. Kabla mwaka haujakwisha Bunge lao likapitisha miswada ya kuirudisha nyuma hukumu hiyo. Fikiria uko ndani ya nyumba, umetambuliwa Mei, na Julai wanapiga kura usitambuliwe tena.

Kilichonitoa machozi ni cha Ohio. Jim Obergefell na John Arthur. John alikuwa na ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hawezi tena kusimama. Ohio haikuwa ikifungisha ndoa yao, basi 2013 wakakodi ndege ya wagonjwa mpaka Maryland, wakafungishwa ndoa humohumo ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani, wakarudi nyumbani. Halafu wakaelezwa kwamba John akifariki, cheti cha kifo kitaonyesha kwamba hakuwa na ndoa. Alifariki Oktoba mwaka huo. Jim akaendelea na kesi bila John mpaka mahakama ya juu kabisa ya Marekani, na 26 Juni 2015 ikaamuliwa kwa nchi nzima. Watu wanaukumbuka uamuzi. Mimi nimebaki na kile cheti. Alichokuwa anadai mwanzoni ni jina lake mwenyewe liandikwe kwenye karatasi ya kifo cha mtu wake.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama Mdogo Aikande, na nadhani hata wewe umeshamkumbuka. Miaka 17 Kiboroloni, watoto watatu, mbege ya kwanza ilinywewa lakini mahari haikumalizika, kanisani hawakufika, bomani hawakufika. Siku alipokwenda kufuatilia mafao ya Baba Mdogo, yule kijana wa dirishani alimuuliza, "Wewe ni nani kwake?" Akasema mke. Akaambiwa alete cheti. Kijana akaandika kwa kalamu: mwanamke aliyekuwa akiishi na marehemu. Karatasi ile bado iko kwenye sanduku lake, chini ya kanga za msiba. Wewe ndiye uliyekuja na kifungu cha 160, kwamba wakikaa pamoja miaka miwili na zaidi, na watu wakawajua kuwa mume na mke, sheria inadhani kuna ndoa. Ulikuwa mwaka wa tatu tu, ukamwandikia kiapo kwa mkono kwenye meza ya jikoni, mtori unapoa. Mama Mdogo mpaka leo anakuita "wakili wangu" na hataki kusikia wakili mwingine.

Najua utaniambia kesi si moja, kwamba sheria ilikuwa na mlango wa Mama Mdogo na hawa haina mlango wao. Ni kweli. Lakini swali la dirishani ni lilelile, na mwenye kuulizwa ni mtu aliyekaa na mtu wake miaka yote hiyo. Nikiandika "mdogo wake", siku mmoja akianguka akakimbizwa hospitali, nani atasaini? Nani ataitwa? Na uhamiaji wakigundua, uongo utahesabika wa kwao, wakati mwandiko ni wangu.

Baba Eliya anasema ya watu hayo, nisaini nilale. Anajali, si kwamba hajali. Anaogopa nisije nikapoteza kazi na ada ya Eliya ni Julai. Mchungaji sijamwambia. Kanisa letu linafundisha linavyofundisha, nami nimo humo tangu ubatizo. Lakini sikuajiriwa kupima ndoa ya mtu mbele za Mungu. Nimeajiriwa kuandika nani ni wa nani, ili siku ya ugonjwa au ya kifo ajulikane wa kuitwa. Sasa nikianza kuandika uongo hapo, nimebaki na kazi gani?

Kwa hiyo nimeamua. Sitasaini "mdogo wake". Nitamwandikia yule bwana mwenyewe, kabla hawajauza nyumba yao kule, nimweleze sheria ilivyo, kifungu kwa kifungu, bila kumtisha na bila kumpamba. Na nitawaandikia makao makuu kwamba kuitambua ndoa kwenye daftari la mishahara hakutoshi kama mnawapeleka mahali ambapo haitambuliwi, na waulize kama kazi ile inaweza kufanyiwa Geneva. Akisikia yote akaamua kuja peke yake, au asije, ni uamuzi wake. Ila awe ameambiwa.

Barua zote mbili nimeziandika, sijazituma. Nakala nimeziweka ndani ya bahasha hii, majina nimeyafuta. Naomba uzisome kwa jicho lako la mahakamani kabla ya Jumatatu ya wiki ijayo. Je, nimesema neno lolote litakalomdhuru yeye kama barua ikifika mikono mingine? Nimpigie badala ya kuandika? Bosi nimwambie kabla au baada? Ungekuwa wewe ni yule bwana, ungependa kuambiwa na mtu usiyemjua? Na wewe, Mama Neema, unanionaje katika hili, niambie wazi, kama ulivyoniambia wakati wa lile suala la Happy. Neema ameshapangiwa shule? Goti je, ule mkanda unauvaa au umeutundika?

Maparachichi ya Tengeru nimempa kondakta wa basi la Ijumaa asubuhi, kiroba cha bluu, jina lako liko juu. Yako magumu bado, yafunike na gazeti siku tatu. Bahasha hii iko humohumo, katikati, usimwachie dada afungue.

Akupendaye,
Mama Eliya