Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: kibali cha ajira kitangulie utepe

Mheshimiwa Waziri,

Salaam, na pole kwa majukumu.

Kilichotushinda kunyamazia safari hii ni jengo la upasuaji. Lipo kwenye kituo cha afya kimoja ambacho hatutakitaja, maana mganga mfawidhi wake ataandikiwa barua ya kujieleza kabla jua halijazama. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, vigae vinang'aa. Haikupita wiki, mjamzito aliyehitaji upasuaji wa dharura akapitishwa mbele ya jengo hilohilo ndani ya gari la wagonjwa, anakimbizwa hospitali ya wilaya. Meza ya upasuaji ilikuwepo. Mashine ya usingizi ilikuwepo. Mtoa usingizi hakuwepo, na hakuwa likizo wala hakuwa mtoro: hajawahi kuajiriwa.

Sisi ni wakufunzi na wasimamizi wa madaktari watarajali, yaani wahitimu walio katika mwaka wa mazoezi hospitalini. Hatukuandikii kulalamika kwamba nchi ni maskini, hilo unalijua. Tunakuandikia kuhusu hesabu ambayo wizara yako inaiweza kabisa lakini haifanyiki kwa wakati.

Upasuaji mmoja wa kujifungua unahitaji anayepasua, msaidizi wake, mtoa usingizi, muuguzi wa kushika vifaa, muuguzi wa kuzunguka na mkunga wa kumpokea mtoto. Maabara lazima awepo mtu wa kupima kundi la damu. Kuna wanaodhani mtu mmoja anaweza kushika nafasi mbili. Mheshimiwa, presha ya mama ikiporomoka dakika chache baada ya sindano ya ganzi ya mgongo, aliyeshika kisu hawezi kukiweka chini, avue glovu, akachome efedrini ya kupandisha presha na kuongeza kasi ya dripu, kisha arudi kumtoa mtoto. Pale ndipo tunapopoteza watu, na ripoti ya kikao cha vifo vya uzazi itaandika "matatizo ya usingizi" na kufungwa.

Sasa kiti kimoja tu, cha mtoa usingizi, kinataka watu wangapi? Mwaka una zamu 1,095 ukiweka zamu 3 kwa siku. Mtumishi mmoja ana siku 260 za kazi ukitoa Jumamosi na Jumapili. Toa likizo ya siku 28, ambayo inakula kama siku 20 za kazi. Toa sikukuu, toa semina, toa kuugua na kuuguza. Anabaki na siku 215 hivi, akiwa na bahati ya kutougua sana. Gawanya 1,095 kwa 215: watu 5. Watano kwa kiti kimoja, ili kiti kisibaki wazi saa 8 usiku wa Jumapili, muda ambao uchungu haujali. Ukisema tuwaite kutoka nyumbani badala ya kuwaweka zamu, sawa, watapungua, lakini basi tuonyeshwe nyumba ya mtumishi iko wapi na posho ya kuitwa kazini inalipwa kwa fungu gani.

Hesabu hii si ya kwetu. Shirika la Afya Duniani limeifundisha kwa miaka, na maofisa wako wanaifahamu. Ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa kila kituo, ya 2014–2019 ilisema kituo cha afya kisipungue watumishi 39 wala kisizidi 52. Nenda kituo chochote cha vijijini ukahesabu, ila usitoe taarifa kabla, maana ukitoa taarifa wataazimwa wa kituo jirani.

Tunakumbushana historia kidogo. Mwaka 1961 nchi ilianza na madaktari wazalendo 12, na tangu hapo hadi leo maelezo yetu ya kila pengo yamekuwa kwamba madaktari hawatoshi. Yalikuwa kweli kwa muda mrefu. Lakini Machi 2017 Kenya ilipoomba madaktari 500, Rais Magufuli akakubali, huku ajira za ndani zikiwa zimeminywa kupisha uhakiki wa watumishi. Kesi ikafunguliwa Kenya, safari ikakwama, na Aprili mwaka huohuo Rais akaagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda huko waajiriwe hapa nyumbani. Wakaajiriwa. Ina maana kazi ilikuwepo muda wote, na wao walikuwepo muda wote, wamekaa mtaani na vyeti vyao, wengine wakijitolea wodini kwa nauli. Kilichokosekana ni sahihi moja. Tungependa kujua kwa nini ilibidi jirani agonge mlango ndipo tuwaone watu wetu.

Tangu hapo vyuo vimeongezeka na udahili umepanda. Hatupingi. Ila mtu aliyedahiliwa mwaka 2025 atamaliza udaktari 2030 na utarajali 2031. Ubingwa ni miaka 3 au zaidi juu ya hapo. Kwa hiyo anayeamua leo idadi ya watakaoingia darasani anaamua wodi za miaka ya 2030, na hatujaona karatasi yoyote ya hadharani inayosema mwaka huo wangapi watastaafu, wangapi wataajiriwa, mikoa gani, na kwa mshahara wa fungu lipi. Ajira zilifungwa miaka ya 1990, kwa hiyo kuna kizazi kizima chembamba katikati, na walioingia kabla yake wameondoka karibu kwa pamoja. Hilo lingeweza kusomwa kwenye tarehe za kuzaliwa tu, miaka kumi kabla. Madaktari wasaidizi, wale AMO waliobeba upasuaji mwingi wa vijijini, mafunzo yao yakafungwa, na hakuna aliyetuambia nani atakaa kwenye viti vyao na kuanzia lini.

Kisha linakuja la utarajali, ambalo sisi ndilo linalotunyima usingizi. Tuseme hospitali inafanya upasuaji wa kujifungua 90 kwa mwezi. Mtarajali anakaa wodi ya wazazi miezi 3, yaani upasuaji 270. Wakiwa watarajali 6, kila mmoja ana fungu la 45, na akitoka pale tunamwamini. Mkituletea 25, kila mmoja anaambulia chini ya 11, na hapo hatujawatoa wanaosomea ubingwa ambao nao wanataka mikono yao izoee. Wengi wanamaliza mwaka wameshika kulabu za kuvutia ngozi na kuandika faili. Cheti chao ni kilekile. Mwaka unaofuata anapangwa kituo cha afya peke yake, anafungua tumbo lenye kovu la upasuaji wa zamani, kibofu kimenata juu ya mfuko wa uzazi, na hakuna wa kumwambia ashuke chini kidogo. Akikata kibofu ataitwa mzembe mbele ya mkuu wa wilaya. Aliyempangia hospitali yenye bingwa mmoja na watarajali 25 hataitwa popote.

Sisi tunahisi chanzo ni hiki. Jengo ni fedha ya maendeleo, inatoka mara moja na inapigwa picha. Wakati wa UVIKO-19 mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ulileta majengo ya dharura, vyumba vya uangalizi maalumu na mashine, na tunashukuru. Mshahara ni wa kila mwezi mpaka mtu astaafu, unagonga ukomo wa bajeti, na hakuna Mwenge unaokwenda kuzindua cheki namba, ile namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara. Tena kila mmoja ana kipande chake: wizara yako inafundisha, Tume ya Vyuo Vikuu inasimamia udahili, Utumishi inatoa kibali, Hazina inatoa fedha, TAMISEMI, yaani wizara ya serikali za mitaa, inapanga vituo. Pengo likitokea kila ofisi inaonyesha ofisi ya jirani, kwa lugha nzuri sana.

Kambi za madaktari bingwa zinazozunguka halmashauri zimesaidia wengi na hatuzibezi. Lakini ni za siku chache. Mgonjwa hawezi kuombwa aahirishe kupasuka kwa kizazi mpaka kambi irudi.

Tunachoomba ni kitu kimoja, Mheshimiwa. Hakuna jengo la upasuaji, la dharura au la uangalizi maalumu lianze kuchimbwa msingi kabla ya kibali cha ajira cha watu wake kutoka, kikiwa na majina ya kada, idadi kwa kila kiti kwa hesabu ya watano tuliyoionyesha, na fungu la mshahara. Jengo linachukua mwaka au zaidi kukamilika. Muda huohuo muuguzi anaweza kupelekwa kusomea usingizi, akarudi siku rangi inakauka. Mkianza kumtafuta baada ya utepe, mmeshachelewa.

Lipo na la udahili kufungamanishwa na idadi halisi ya nafasi za utarajali zenye msimamizi, na la jedwali la miaka kumi lichapishwe kila Julai wananchi walione. Tuliwahi kuahidiwa yote mawili kwenye vikao, na kumbukumbu za vikao zipo. Kama yote hayawezekani mwaka huu, tuachie hilo la kwanza tu. Kibali kwanza, utepe baadaye.

Tunaomba jibu la maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakufunzi na wasimamizi wa madaktari watarajali

Nakala:
Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Utumishi – kwa kibali
Waziri wa Nchi, TAMISEMI – kwa ikama
Waziri wa Fedha – kwa fungu la mishahara
Katibu Mtendaji, Tume ya Vyuo Vikuu – kwa idadi ya udahili
Mganga Mfawidhi, kituo tusichokitaja – kwa taarifa tu, usijibu