Kabla Hujanunua Betri ya Baba

Kwako mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote walio hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na Mama, watoto, na zaidi ya wote Baba, ambaye tangu Salome anieleze habari zake sijapata usingizi mzuri. Sisi hatujambo. Naomba uniwie radhi kwa ukimya wa miezi yote hii. Nilikuwa na nia ya kukuandikia hata pasipo sababu, lakini sasa sababu ipo, nayo haiwezi kungoja mpaka tuonane.

Salome ameniambia kwamba Baba amerudi kutoka hospitali na mashine ya oksijeni, kwamba anaitumia usiku kucha, na kwamba wewe, baada ya usiku ule umeme ulipokatika, umeazimia kununua pawa stesheni, ile betri kubwa yenye soketi zake, kabla ya mwisho wa mwezi. Azma hiyo ni njema na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Kilichonishtua ni maneno yake ya mwisho, kwamba umekwisha kuichagua ile iliyoandikwa 2000 kwa tarakimu kubwa ubavuni, kwa kuwa mashine ya Baba inatumia wati 350 tu. Rehema, nakusihi usitoe fedha kabla ya kuisoma barua hii mpaka mwisho.

Namba hiyo ya 2000, ikiwa ni ya wati, haikuambii lolote kuhusu muda. Inakuambia mzigo ambao betri inaweza kuubeba kwa wakati mmoja, kama vile upana wa bomba unavyoweza kukueleza kasi ya maji bila kukueleza tenki lina maji kiasi gani. Pengine si hata mzigo wa kawaida, bali ni ule wa kilele unaovumiliwa kwa sekunde chache. Unachotakiwa kukitafuta ni wati-saa, yaani kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri, ambazo mara nyingi huandikwa kwa maandishi madogo nyuma au chini, kwa alama ya Wh. Ni jambo la kawaida kabisa kukuta pawa stesheni inayotoa wati 2000 ikiwa na wati-saa 1000 tu ndani yake. Nazo zote hazifiki kwenye soketi, kwa sababu inveta hula sehemu yake inapougeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani. Mimi huhesabu asilimia 85 ndiyo yangu, nyingine nimeisamehe. Basi chukua 850 ugawe kwa 350 za mashine ya Baba. Unapata muda wa saa mbili na dakika 25 hivi. Umeme ukikatika saa nne usiku, haitafika saa saba kabla mashine haijazima na kuanza kulia, nanyi mkiwa usingizini.

Mimi nililijua jambo hili kwa friji, na leo nashukuru kwamba ilikuwa friji. Kibandiko chake kilisema wati 150, betri yangu ya kwanza ilisema wati 300, nikaona nimevuka mara mbili. Usiku umeme ulipokatika nikaichomeka, taa ya ndani ya friji ikawaka, kompresa ikanguruma mara moja, kisha kwenye kioo cha betri ikatokea alama ya pembetatu na kila kitu kikanyamaza. Nilirudia mara tatu, huku nikimulika kwa simu, na mara zote tatu ikawa vilevile. Mota yoyote inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko, ingawa ni kwa kitambo kidogo mno. Mashine ya oksijeni nayo ina kompresa ndani yake. Kwa hiyo usiridhike na hesabu ya karatasi: kabla ya kulipa, omba mashine yenyewe ya Baba ichomekwe kwenye betri hiyo, iwashwe ikiwa imezimika kabisa, na iachwe ifanye kazi walau nusu saa mbele ya macho yako. Hakikisha pia kwamba inveta inatoa umeme wa wimbi laini, sawa na ule wa ukutani, si wa wimbi lililokatwakatwa, ambao hupasha mota joto na kuzifanya zivume.

Hata zile wati 350 nisingezikubali hivihivi. Kuna kipima matumizi kidogo kinachochomekwa kati ya plagi na soketi. Kiazime kwa yeyote, ukiache na mashine ya Baba usiku mmoja mzima, asubuhi usome kimeandika nini. Tuseme katika muda wa saa 10 kimesoma kilowati-saa 3.5, yaani wati-saa 3500. Basi ili usiku huo wote upite kwa betri peke yake, unahitaji yenye zaidi ya kilowati-saa 4, nayo ni nzito na ghali. Zipo zinazokubali kuongezewa betri za pembeni, na kama ningekuwa wewe ningeanza na ya aina hiyo, kwa sababu unaweza kununua leo ya wati-saa 2000, inayokupa karibu saa tano, kisha ukaongeza baadaye. Lakini kumbuka uzito: yenye wati-saa 2000 huwa na kilo 20 na zaidi, na Salome anasema mchana Mama hubaki peke yake na Baba. Iwekwe chumbani kwa Baba tangu mwanzo, mahali penye hewa, mbali na pazia na mbali na mpira wa oksijeni, maana penye oksijeni nyingi cheche ndogo hushika upesi.

Na hapa narudi kwenye hofu yangu. Hata ukipata betri bora kuliko zote, usiifanye kuwa tegemeo la mwisho. Muulize daktari wa Baba kuhusu mtungi wa oksijeni wa akiba, usiohitaji umeme. Mtungi wenye lita 680 za gesi, kwa kasi ya lita 2 kwa dakika, hutosha muda wa zaidi ya saa tano. Betri ikikupa tano na mtungi ukakupa tano, usiku umepita. Uliza vilevile kama watoa huduma ya umeme kwenu wana orodha ya nyumba zenye mashine za wagonjwa, maana wako wanaoiweka, ili wapewe taarifa mapema pale umeme unapokatwa kwa matengenezo.

Kuhusu aina ya betri, tafuta ya lithiamu iliyoandikwa LiFePO4. Huvumilia kuchajiwa na kutumiwa mara 3000 na kuendelea kabla uwezo wake haujashuka kufikia asilimia 80, na hustahimili joto kuliko zile nyingine za lithiamu. Paneli ya sola unaweza kuifikiria baadaye. Ila siku ukiinunua, angalia volti za juu kabisa ambazo betri inapokea, na usiunganishe paneli mbili kwa mfululizo kabla ya kuzijumlisha volti zake.

Lipo jambo dogo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia. Betri yangu ya pili, iliyo kubwa, niliijaza, nikasahau kuzima kitufe cha soketi, nikaiacha pembeni. Baada ya siku tatu niliikuta na asilimia 9, wala hapakuwa na kitu kilichochomekwa. Inveta ikiwa macho hula wati 10 au zaidi hata bila kazi. Kwa upande wa pili, nyingi zina mpangilio wa kubana matumizi unaozima soketi zenyewe pale mzigo unapokuwa mdogo. Kwa ajili ya Baba, mpangilio huo uondoe siku ya kwanza. Na kama unataka ibaki imechomekwa ukutani muda wote ili ishike umeme unapokatika, chagua yenye uwezo wa kubadilisha ndani ya milisekunde 20 au pungufu, kisha ujaribu wewe mwenyewe kwa kuchomoa waya wake mchana, Baba akiwa macho, usikilize kama mashine inastuka.

Nimesikia pia kwamba kaka Idi amependekeza jenereta iwekwe kwenye ukumbi wa nyuma. Mwambie kwa heshima zote kwamba haiwezekani. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, nayo hupita chini ya mlango na kumkuta mgonjwa aliyelala. Kama ni lazima iwepo, ikae nje kabisa, mbali na madirisha yote.

Sasa naomba majibu, hata kama ni ya mistari miwili. Kibandiko cha nyuma ya mashine ya Baba kinasema wati ngapi hasa, na je, ni kweli umekisoma au umeambiwa? Daktari ameiweka kwenye lita ngapi kwa dakika? Umeme kwenu hukatika kwa muda gani kwa kawaida, na ule uliokaa sana ulikaa muda gani? Mashine ikilia usiku, nani yu karibu wa kuisikia? Mama anajua kuubadilisha mpira kutoka kwenye mashine kwenda kwenye mtungi, au kuna wa kumfundisha? Na ile pawa stesheni yenye 2000, unaweza kunipigia picha maandishi yake madogo kabla hujarudi dukani?

Msalimie Baba sana, mwambie ninamwombea.

Ni mimi ndugu yako,
Zawadi