Asante dada uliyenilaza sakafuni

Dada uliyetuongoza kwenye mazoezi ya mbinu ya Moshe Feldenkrais, ile ya kuujua mwili kwa miondoko midogo ya polepole, jina lako sikulishika, lakini asante sana. Nilikuja na mgongo uliokaza, nikitaka kunyooshwa kwa nguvu. Ukaniambia nilale chali, nigeuze kichwa kidogo tu, polepole, niusikilize mwili. Bega la kulia lilikuwa limetulia sakafuni, la kushoto limeinuka kabisa. Miaka yote sikujua! Kumbe hata nikipumzika nilikuwa nimeuma meno na kubana pumzi. Feldenkrais mwenyewe, mhandisi na mwanajudo, alianzia kwenye goti lake bovu. Mimi nimeanzia begani. Siku hizi usingizi unakuja wenyewe, hasira zimepungua, na kila nikiinama kufunga viatu nakukumbuka. Mungu akubariki, dada yangu.