Mashauri ya ardhi yanaangushwa na karatasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu mashauri ya ardhi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mtu akishindwa shauri, la kwanza kusema ni rushwa. Sitabisha. Ila ukipekua majalada ya rufaa utakuta mengi yameangushwa na mstari mmoja ambao karani au mwenyekiti hakuuandika.

Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura 216, inamtaka mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya aketi na wajumbe wasiopungua wawili, wale tunaowaita wazee wa baraza, nao watoe maoni kabla hajaandika hukumu. Kanuni za 2003 za sheria hiyo zinataka maoni hayo yawe ya maandishi, na zinaruhusu yaandikwe kwa Kiswahili. Mahakama ya Rufani, katika rufaa mbili zilizosikilizwa Mbeya, Na. 286 na Na. 287 za 2017, ilifafanua kwamba maoni lazima yatolewe wadaawa, yaani pande zote za shauri, wakiwapo, wajue kila mjumbe kasemaje.

Sasa fungua jalada. Ukurasa wa mwisho wa ushahidi umeandikwa: "Utetezi umefungwa. Hukumu tarehe fulani." Ukurasa unaofuata ni hukumu, na humo mwenyekiti anasema amekubaliana na wajumbe wake. Walisema nini, lini, mbele ya nani? Kimya. Wakili wa aliyeshindwa hahitaji tena kubishania mpaka wala mauziano. Sheria hiyohiyo inasema uamuzi usitenguliwe kwa kasoro isiyopoteza haki, lakini kasoro hii imehesabiwa kuwa inagusa mzizi wa shauri, haitibiki. Mwenendo wote, yaani kumbukumbu ya usikilizaji, unafutwa, shauri linaanza upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wajumbe wengine, na mzee aliyejua mti wa mpakani ulipandwa na nani huenda keshazikwa.

Kuna na hili la kubadilisha wajumbe katikati. Mjumbe mmoja anaumwa, mwenyekiti anaingiza mwingine ambaye hakumsikia shahidi wa kwanza wala wa pili, kisha anampa karatasi atoe maoni. Atoe maoni ya nini? Sheria imeshatoa njia: mjumbe akikosekana, mwenyekiti anaendelea na aliyebaki, au peke yake wote wawili wakikosekana. Aandike tu sababu siku hiyohiyo. Dawa ya haya yote haihitaji bajeti. Baada ya utetezi kufungwa ipangwe tarehe ya maoni, iwe mbali na ya hukumu, na mwenendo wa siku hiyo utaje waliohudhuria na kwamba maoni ya kila mjumbe yamesomwa.

Huku chini kwenye kata, tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua shauri la ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, nayo ndiyo inayofungua mlango wa baraza la wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda bila hati. Lakini siku hizo atazihesabuje ikiwa lalamiko lake lilipokelewa kwa mdomo, au kwenye daftari lisilo na tarehe? Adai nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Na yapo mabaraza ambayo mpaka leo yanaandika "Baraza limeamua". Karatasi hiyo si hukumu.

Maelezo ya eneo nayo yanaua mashauri. "Shamba lililopo kijiji fulani, lenye thamani ya shilingi milioni tano" hayatoshi kwa ardhi isiyopimwa. Mufindi na Njombe, ambako mipaina ya huyu na ya yule ni sare tupu, andika ekari, kitongoji, na jirani wa kila upande, ukiongeza kitu kisichohama: mto, jiwe, barabara. Jirani huuza akaondoka.

Lakini panapouma zaidi ni mtu anapodai dhidi ya halmashauri ya kijiji. Tangu marekebisho ya sheria ya mashauri dhidi ya Serikali ya 2020, mamlaka za serikali za mitaa zimo ndani ya neno "Serikali", na kijiji kimo. Mkazi wa Kyela ambaye kijiji kimepitisha barabara kwenye robo ekari ya migomba yake atoe notisi ya siku 90 kwamba anakusudia kushtaki, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika shauri, kisha apande hadi Mahakama Kuu Mbeya. Akimwacha Mwanasheria Mkuu, shauri limeharibika. Angegombana na jirani kuhusu robo ekari ileile, angemaliza kwenye baraza la wilaya, Tukuyu au hapohapo wilayani. Naelewa Serikali ilitaka kuzuia hukumu kubwa zinazotolewa bila yenyewe kujitetea. Robo ekari ya migomba si mojawapo. Baraza la wilaya lina ukomo wa shilingi milioni 300 kwa madai ya kurejeshewa ardhi. Bunge liyarudishe huko madai dhidi ya vijiji yaliyo chini ya kiasi hicho, na nakala ya notisi iendelee kupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu, aamue mwenyewe kama atakuja.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya