Ndovu wa Toronto waliondoka kwa sababu, Mombasa isiwarudishe zizini

Kwa Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu wa Mombasa aliyekuja huku Toronto kumtembelea mwanawe, akapelekwa na wajukuu kwenye bustani ya wanyama ya jiji, akatoka huko amenuna. Kiingilio kalipa, kazunguka mpaka miguu imemuuma, na ndovu hakumwona hata wa dawa. Kisha akaiomba serikali ya kaunti ijenge bustani kama hiyo kwetu, na wa kwanza kuwekwa humo wawe ndovu, maana sisi ndio wenye mali.

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa kiingilio. Mimi ni mtoto wa Mombasa pia, ila riziki imenileta Scarborough, upande huo huo wa jiji ilipo bustani uliyoizunguka. Ndovu walikuwepo hapo karibu miaka arobaini, wakaondolewa. Namna walivyoondolewa ndiyo inayonitia hofu na ombi lako.

Bustani ilifunguliwa Agosti 1974, ikachukua nafasi ya ile kongwe ya Riverdale iliyokuwa karibu na katikati ya mji tangu karne ya 19. Kwa ukubwa haina mchezo, ni hekta 287. Ndovu wa Afrika walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo. Wawili kati yao, Iringa na Toka, walizaliwa Msumbiji wakaletwa wakiwa bado watoto. Thika alizaliwa hapa hapa mwaka 1980 na Afrika hakuwahi kuiona. Naam, Iringa na Thika! Aliyewapa majina alipekua ramani ya kwetu, ingawa hakuna kati yao aliyetoka Tanzania wala Kenya.

Utasema hekta 287 zinamtosha ndovu. Lakini hizo ni za wanyama wote, na njia za wageni, na msitu. Ndovu walikuwa na ua wao tu, na huku kwetu baridi ikiingia Novemba haitoki mpaka Aprili. Kuna siku kipimo kinashuka hadi nyuzi ishirini chini ya sifuri, na mnyama mwenye masikio mapana kama yale hawezi kuachwa nje akae. Anaingizwa bandani, anasimama.

Na kusimama ndiko kunakomuua. Ndovu jike hufika tani tatu, na tani zote hizo zinabebwa na nyayo nne zenye pedi nene chini. Porini anatembea kutwa kwenye mchanga, udongo na mawe, pedi na kucha zinajisugua zenyewe. Akisimama kwenye sakafu ngumu miezi kadhaa kila mwaka, kucha zinakua kupita kiasi na kupasuka, uchafu unaingia kwenye ufa, usaha unatunga, na siku ukifika kwenye mfupa, tiba inakuwa ya kubahatisha. Viungo navyo vinakakamaa. Ndiyo maana mahali wanapofugwa ndovu utamkuta mtunzaji amepiga magoti mbele ya mguu uliowekwa juu ya kigogo, ana tupa mkononi, anapunguza ukucha kidogo kidogo. Watunzaji wengi wanawapenda wanyama hao kama jamaa zao, na sisemi walikuwa wazembe. Nasema walikuwa wakisugua kwa tupa kazi ambayo ardhi ingeifanya bure.

Kati ya mwaka 2006 na 2009 ndovu wanne wa Toronto walikufa, wengi wao wakiwa na umri wa miaka arobaini hivi, ilhali ndovu wa porini akisalimika na bunduki huweza kufika sitini. Wakabaki watatu: Iringa, Toka na Thika. Mwaka 2011 bodi ya bustani ikaamua kufunga sehemu ya ndovu, kwa kuwa banda jipya la kufaa lingegharimu mamilioni ya dola ambayo jiji halikuwa nayo.

Mzee wangu, hapo ndipo rabsha ilipoanza. Wamefunga, sawa, lakini hao watatu waende wapi? Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu mwaka 1974 hakuna aliyeuliza. Wasimamizi wa bustani walikuwa na mawazo yao. Oktoba 2011 madiwani wakawapiku, wakapiga kura ndovu wapelekwe California, kwenye hifadhi yenye vilima na nyasi ya PAWS, shirika la kutunza wanyama. Watunzaji wakapinga, wakasema kule kuna ndovu wenye kifua kikuu na kwamba madiwani hawajui lolote kuhusu wanyama. Watetezi wa wanyama nao wakajibu kwamba kila mwezi wa kuchelewa ni mwezi mwingine wa kusimama bandani. Mwaka 2012 chama cha mabustani ya wanyama cha Marekani kikaiondolea Toronto ithibati, ikakaa bila hiyo kwa miaka kadhaa. Miaka miwili ilipita watu wakivutana, na ndovu wako pale pale.

Waliondoka Oktoba 2013, kwa malori. Kwanza walifundishwa kwa muda mrefu kuingia kwenye makasha ya chuma bila kuhamanika, kisha wakasafirishwa usiku na mchana, zaidi ya kilomita 4,000. Mfuko wa jiji haukuubeba mzigo huo. Aliyeubeba ni Bob Barker, mtangazaji mstaafu wa televisheni ya Marekani aliyekuwa mpenda wanyama, akatoa mamia ya maelfu ya dola. Iringa alikanyaga nyasi za California kwa muda usiofika miaka miwili. Julai 2015 ilibidi alazwe usingizi wa mwisho kwa sindano, nyayo na viungo vimeshaharibika. Alikuwa na miaka 46.

Kuna watu huku wanaosema kifo hicho ni ushahidi kwamba angeachwa Toronto. Mimi naona ni ushahidi kwamba alicheleweshwa. Magonjwa yale ya miguu huchukua miaka mingi kujijenga, na hayakuanzia kwenye lori.

Sasa tazama kichekesho. Mwaka huo huo wa 2013, mwezi Machi, bustani ilipokea panda wawili kutoka China, Er Shun na Da Mao, wakapokewa na waziri mkuu mwenyewe. Panda hao nao hawapo tena, ndiyo maana hukuwaona. Lakini walikuja kwa mkataba wa mkopo wenye tarehe: miaka mitano Toronto, mitano Calgary, kisha kwao. Hata janga la korona lilipovuruga safari za ndege za kuwaletea mianzi, hakuna aliyehangaika kutafuta wa kuwachukua. Walirudi China Novemba 2020, kabla ya muda wao. China haikumtoa mnyama wake bila kuandika atarudi lini. Ndovu wa Msumbiji hawakuandikiwa chochote.

Na kwetu Kenya mfano upo, wala hauhitaji viza. Mtaalamu wa kulea ndovu mjini ni kituo cha yatima cha Sheldrick, ndani ya Mbuga ya Nairobi. Ukifika saa ile ya wageni utawaona ndama wanakuja mbio wakifuatana, kila mmoja anajua chupa yake ya maziwa, wanayamaliza kwa mikupuo michache kisha wanajitupa kwenye tope jekundu huku walezi wenye makoti ya kijani wakiwatazama. Usiku walezi hulala nao vibandani. Hao ni ndovu wa mjini, ila wanapita tu. Wakikaribia miaka mitatu huhamishiwa Tsavo, Voi au Ithumba, na huko hujifunza polepole kuishi na wenzao wa porini mpaka siku wanayoondoka wenyewe. Tangu siku ya kwanza ya chupa, mlezi anajua ndama anaelekea wapi.

Halafu tusijisahau. Mwaka 2005 serikali ilipokubali kuwapelekea Thailand wanyama zaidi ya mia kwa ajili ya bustani ya Chiang Mai, Wakenya walipiga kelele, kesi ikaenda mahakamani, mpango ukakwama. Kama lilikuwa kosa kuwafungia Chiang Mai, sioni zizi la Mombasa litakuwa halali kwa lipi. Kwamba kwetu hakuna theluji? Saruji ni saruji hata penye joto.

Nakubali hoja yako moja, na ni nzito. Wako watoto wa Likoni na Kisauni waliomwona ndovu kwenye noti na kwenye televisheni pekee, ilhali watalii wanatoka ulaya kuja kumtazama. Hilo ni aibu. Lakini Shimba Hills iko hapo juu ya Kwale, na Mwaluganje jirani yake, na ndovu wapo. Voi ni kilomita 150 na kitu kutoka Mombasa, na abiria wa SGR huwaona ndovu wa Tsavo kupitia dirishani. Kinachowazuia watoto hao ni nauli na kiingilio. Fedha za kulisha ndovu mmoja, ambaye kwa siku hula zaidi ya kilo mia moja za majani, pamoja na mshahara wa walezi na daktari wake, zingekodi mabasi mangapi ya shule kila muhula?

Na kama kaunti itashikilia kujenga, basi kabla ya kuletwa mnyama yeyote itangaze mambo matatu gazetini humu: huyo mnyama akizeeka au bajeti ikikatwa atahamia wapi, nani amekubali kwa maandishi kumpokea, na lori litalipwa kutoka fungu gani. Toronto ilimpata Bob Barker. Gavana atueleze sisi tutampata nani.

Msomaji wako,
Mwana wa Mombasa,
Scarborough, Toronto